Simu Isiyokwisha Chaji

Kijiwe chetu cha Kengeja ni gogo la mnazi mbele ya karai langu la bajia, pale gari za abiria zinapogeuzia. Mzee Jaribu huleta buli la kahawa, Ishak tunayemwita Redio huleta habari, na Nyange tunayemwita Digrii huleta ubishi. Mwanangu Suhaila, mwenye miaka minne, hasikii, ni kiziwi. Mwezi uliopita alifuata kuku hadi barabarani, gari inakuja, nikaita na hakugeuka. Mzee Jaribu alimnyakua, kahawa yote ikamwagika, na mpaka leo hajaitaja.

Ndipo wifi yangu Rahila akaanza kutengeneza programu: nikibonyeza simu yangu, simu ndogo iliyo kwenye kimfuko shingoni mwa Suhaila itetemeke. Tulimfundisha mtoto kwamba ikitetemeka, amtafute mama. Rahila hujaribia kazi yake kwenye simu ya kuigiza, iliyo ndani ya kompyuta tu. Ina kioo na vitufe lakini haishikiki. Hiyo haikuwa na kitetemeshi. Kwa bahati ni ya bure, na kila ajuaye anaruhusiwa kuirekebisha, basi akakaa siku tisa pale gogoni akiiandikia kitetemeshi chake. Jana ikakubali, kioo kikaandika kwamba inatetemeka. Digrii akaweka kikombe juu ya kompyuta aone kahawa ikicheza. Rahila akakiondoa taratibu, bila kumwaibisha.

Leo asubuhi tulijaribu kwa Suhaila mwenyewe, akageuka mara mbili. Alasiri nikabonyeza, hakugeuka. Nikabonyeza tena. Rahila akajaribu ile ya kompyuta, ikatetemeka vizuri tu.

— Ya ndani ina wivu, akasema Redio.

— Wivu wapi, yakhe? akajibu Digrii. Hiyo ya mtoto imenunuliwa Unguja. Haijazoea hewa yetu.

Redio akahamia kwenye karafuu zilizoanikwa kando ya barabara, kwamba harufu yake hulewesha mashine. Digrii akaona anashindwa, akasema kitetemeshi kimehama chenyewe, kimetoka kwa mtoto kikaingia kompyuta kwa sababu huko kuna nafasi. Mzee Jaribu akainua buli. Alimmiminia Rahila kikombe bila kuombwa, maana Rahila alikuwa ameinamia kompyuta, nami nilikuwa nimemshika Suhaila mkono, macho barabarani.

Akafika Bi Kazija na mkungu wa ndizi, anasubiri gari ya kwenda mjini Chake. Akasalimia, akaelezwa yote, pamoja na wivu na karafuu. Kisha akauliza:

— Hiyo ya ndani, mwanangu, mnaichajia wapi?

Rahila akaomba simu ya Suhaila, akaitazama. Chaji ilikuwa imebaki kidogo sana.

— Haichajiwi popote, Bi Kazija, akasema polepole. Imejaa siku zote, ndiyo maana sikuona. Hii ya mtoto ikikaribia kuzima inakata mtetemeko ili ibane matumizi.

Basi akaanza kuiandikia ile ya kuigiza betri inayopungua. Gari ya Chake ikaja; Bi Kazija akaipungia ipite, akasema atapanda nyingine. Betri ilipokamilika, Rahila akaishusha hadi asilimia tano, na ile simu ikagoma kutetemeka, sawasawa na ya mtoto. Sijapata kumwona mtu akifurahia kugomewa namna ile. Sasa alikuwa na pa kujaribia. Akairekebisha programu ili mtetemeko usikatwe, na chaji ikipungua simu yangu inionye mapema. Kisha akaihamishia kwenye simu ya Suhaila, na chaji yake ileile kidogo.

Suhaila alikuwa nyuma ya gogo, amenipa mgongo, anapanga maganda ya ndizi alizopewa na Bi Kazija. Nikabonyeza.

Akashika kimfuko kifuani. Akageuka, akawapita wote kwa macho mpaka akanipata mimi.

Nikakaa chini palepale mchangani nikilia, na hakuna aliyenitazama. Wote walijifanya wanashughulika na vikombe. Nilipokumbuka karai, bajia zilikuwa zimeshaungua. Walizila zote, na Digrii akasema ndivyo anavyozipenda.