Mama Kumi na Mbili na Kifungu Alichokifuta

Ndugu waombolezaji, bibi yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa pili wa mshona viatu, akaanza shule mwaka 1956 na kuiacha darasa la sita baba yake alipofariki, jambo ambalo mjukuu wake anayewasomea hapa ameliiga kikamilifu, na bado anasoma vizuri kuliko wengi mliokaa viti vya mbele.

Shangazi yake alimfundisha kupiga chapa, na tarehe 2 Mei 1969 akaajiriwa ofisi ya chama, chumba cha chini ya ngazi, ambako kwa miaka thelathini na moja kila toleo la katiba ya chama lilipita vidoleni mwake, pamoja na kifungu cha kumi na mbili, kilichomkataza asiye na cheti cha sekondari kugombea uongozi.

Mwaka 1971 aliolewa na fundi kufuli, mtu aliyefungua kila mlango mjini isipokuwa ule uliofungwa na kifungu hicho, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1979 alipeleka hoja mkutano mkuu kwamba kifungu kifutwe, ukanyooshwa mkono mmoja, wake mwenyewe, maana babu alikuwa amesinzia. Mwaka 1984 ikawa mikono miwili, babu akiwa macho. Wenzake ofisini wakamtania, "Mama, si wewe unayechapa? Kiruke tu, nani atajua?" naye akawajibu, "Nikikiiba watakirudisha, nikikishinda hakirudi," akakichapa tena bila kukosea hata nukta. Mwenyekiti akambandika jina la Mama Kumi na Mbili kwa kejeli, naye akalivaa kama nguo mpya.

Tarehe 14 Agosti 1999, hoja ileile, mara ya tano, ilipita kwa kura 212 dhidi ya 198, mwenyekiti akahesabu mara tatu asiamini macho yake, na mwaka uliofuata mpiga chapa wetu akachaguliwa katibu wa chama, akaongoza miaka kumi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2017. Mwaka jana, akiwa kitandani, aliletewa habari kwamba mjukuu wake huyu, bila cheti chochote, amechaguliwa katibu wa vijana, akamwambia, "Usijivune, wewe. Babu yako alifungua milango mingi, huu niliufungua mimi." Alifariki hospitalini tarehe 9 Juni 2019, saa tano asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, na wanachama wote, akiwemo mwenyekiti yule yule wa zamani, aliyebeba jeneza leo bila kuombwa.

Mama Kumi na Mbili, kifungu hakijarudi. Pumzika kwa amani.