Mrusi Aliyekufa Bila Jirani

Kijiwe cha Mbwana muuza kahawa, Likoni, mwaka wa sitini na moja. Hapo ndipo Faraj, aliyeacha skuli darasa la sita na kubandikwa jina la Profesa, alipotangaza kuwa Idi Pili ataonyesha mchezo jukwaani. Baharia mmoja kamwachia kitabu: kisa cha mzee Mrusi aliyefia chumbani mwake, asijulikane hadi siku ya tatu. Faraj kamhamishia mzee huyo Likoni, kamvisha kanzu. Lililobaki ni moja: Barakat, kuli wa bandarini mwenye sauti ya ngoma, akubali kuwa maiti. Akikataa, mchezo hakuna. Na Faraj keshajigamba feri nzima.

— Siku tatu? Hapa Likoni? Barakat aliguna. Mie nikikohoa tu, jirani yangu Bi Mahfoudha keshanigongea na uji wa pilipili manga.

— Kule theluji hufunga milango, wallahi.

— Na hapa utaifunga kwa nini, bwana we? Kwa sufi ya magodoro?

— Magunia mawili!

— Theluji gani! alidakia Rashid, fundi cherehani waliyemwita Redio. Makomunisti hao. Hata kufa huombwa ruhusa.

— Kisa cha zamani hiki, Redio, kabla ya ukomunisti.

— Basi walikuwa wakijizoeza.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Mbwana akimimina. Huenda maiti mwenyewe hakutaka kuzikwa mbio.

— Au mtaa mzima ulikufa siku ile ile, alisema Redio. Kila mmoja yumo ndani, amngoja mwenziwe abishe hodi.

Bwana mmoja aliyeshuka feri na sanduku la bati alikuwa ametoa salamu, akapewa kikombe.

— Samahani, jamaa zangu. Huyo mzee wenu, aliyemwosha ni nani?

Faraj, asiyekosa jibu hata la uongo, alifungua ukurasa wa mwisho. Pameandikwa: walimzika Jumatano. Basi.

— Kitabu hakimtaji, alisema.

— Mimi Mwidani, wa Ng'ombeni. Ndugu yangu kafia Nairobi, mtaani asikojulikana. Nimefika, keshazikwa na watu wasiojua hata jina lake. Nguo zake hizi nampelekea mama. Swali lake la kwanza litakuwa hilo.

— Inna lillahi, alisema Mbwana, akaweka buli chini.

Barakat alimgeukia Faraj.

— Nitalala, Profesa. Ila niandikie mwoshaji.

Faraj alichomoa penseli sikioni.

— Nimwandike nani?

Mwidani alikumbatia sanduku kwa mikono miwili, akiitazama penseli ambayo haijagusa karatasi.