Nakolong Ekiru, Aliyepewa Barua Ampelekee Mumewe

Marehemu Nakolong Ekiru alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 huko Leparua, mtoto wa tatu wa Mzee Ekiru. Mimi Jane, dada yake mkubwa, ndiye niliyembeba mgongoni, na alikuwa mzito, ala!

Alisoma huko Leparua hadi darasa la nane mwaka 2006, kisha akajifunza ushonaji hapa mjini.

Mwaka 2010 alifungua kibanda cha cherehani mtaani Bulla Pesa. Polisi walimletea suruali za kazi azifupishe. Siku moja afande mmoja alilalamika kwamba mguu mmoja wa suruali ni mrefu. Nakolong akamwambia, "Suruali iko sawa, afande. Ni wewe umesimama vibaya." Kituo kizima cha polisi kilicheka. Kwa hivyo asije mtu hapa kutuambia polisi hawakumjua.

Tarehe 12 Aprili 2014 alifunga ndoa na Lotukoi, wakajaliwa watoto wawili. Lotukoi alianza kumpiga kabla ya mtoto wa pili kuzaliwa. Nakolong aliripoti kituoni mara tatu, na namba za OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, ninazo. Mara mbili aliambiwa arudi nyumbani waongee.

Hapa ndipo watu huandika ugonjwa. Mchungaji aliniomba niandike "aliugua kwa muda mfupi". Siandiki uongo. Nakolong hakuugua hata homa.

Jumanne, tarehe 2 Septemba 2025, saa nane mchana, alienda kituoni mara ya tatu, jino limeng'oka. Afande wa zamu aliandika barua ya kumwita Lotukoi kituoni, kisha akampa Nakolong aipeleke. Nakolong akauliza, "Kwani nyinyi hamwezi kumpelekea?" Afande akamjibu, "Si unaenda huko huko nyumbani, mama?" Akaipeleka. Lotukoi aliisoma, akachukua panga. Kufika saa kumi jioni, dada yangu alikuwa amekufa. Nina hasira, na sitaificha mbele ya jeneza lake.

Ameacha wazazi wetu, mimi, na watoto wake Ekitela na Apua. Mume hatujamwandika. Yuko mtaa wa Wabera kwa kakake, hata watu wa boda wanaujua mlango. Tulipouliza kituoni, tuliambiwa akionekana tupige simu. Ameonekana! Tumepiga!

Afande wa ile barua ameketi pale kwenye hema la wageni, na ameomba dakika mbili za kutoa rambirambi. Hatumpi.

Pumzika, Nakolong, mdogo wangu. Na wewe afande, simama uende Wabera ukamshike mtu. Mchanga wa kaburi tutaweka wenyewe.