Jinsi Mungu Alivyomrudishia Mwende Pumzi

Bwana asifiwe! Na ninyi mlioketi karibu na mlango, najua joto limewachosha, lakini asifiwe tena. Mimi ni Mama Mwende wa kule Kisaju. Wengi mnanijua kwa kuongea sana, na mume wangu yuko hapa, anaweza kulithibitisha hilo bila kuapa. Leo nitajaribu kufupisha. Nataka mjue jinsi Mungu alivyomtoa mtoto wangu kwenye mdomo wa kaburi, na aliyempeleka huko alikuwa nyuki mmoja tu.

Ndugu zangu, sisi kwetu ni Makueni. Tulihamia upande huu miaka ya tisini, mume wangu alipopata kazi kwenye shamba la maua. Mwende ndiye kifungua mimba wetu. Tulimngoja sana, nikasemwa sana, na alipokuja tukampa jina hilo kwa sababu kwa Kikamba maana yake ni mpendwa. Hata leo nikiliita jina hilo naona kama ninaomba.

Sasa, ukoo wa mume wangu ni watu wa asali. Mjukuu wa kwanza akizaliwa, babu hampi kuku wala mbuzi, humpa mzinga. Baba mkwe alitoka nao Makueni, mzinga wa gogo alioutoboa kwa mkono wake, akautundika kwenye mgunga nyuma ya nyumba yetu na kusema, huu ni wa Mwende. Tena wana imani yao kwamba nyuki hamdhuru mtoto wa nyumba ya asali. Mtoto akiumwa mara ya kwanza hapewi pole. Hupakwa asali pale palipoumwa, watu wakacheka na kusema nyuki wamemtambua. Ya pili, husema, hata hataisikia.

Mwende aliumwa mara ya kwanza alipokuwa ameanza tu kukimbia vizuri. Mkono ulivimba wote hadi kwenye kiwiko, vidole vikashindwa kukunjika. Mimi machozi yalikuwa karibu, lakini babu yake alifurahi sana, akapaka asali na kumbeba begani akizunguka naye uani. Uvimbe ulipoisha kila mtu akasahau. Mimi sikusahau, lakini nyinyi mlioolewa mnajua, mke hawezi kubishana na ukoo mzima kwa sababu ya mkono uliokwisha kupona.

Mwaka uliofuata kikaja kiangazi kikali. Mnakijua kiangazi chetu, ng'ombe wanakonda mpaka unahesabu mbavu, na kila kiumbe kinatafuta maji. Hata nyuki. Walikuwa wanakuja kunywa kwenye karai langu la kuoshea vyombo, wanapanga mstari ukingoni kama watu wanaongoja maji mferejini. Siku hiyo ushirika wa akina mama ulikuwa kwangu. Baba mkwe naye alikuwa ametutembelea, ameketi nje kwenye kivuli cha nyumba. Tulikuwa tunaimba nilipomsikia Mwende analia. Alikuwa ametia mikono kwenye karai achezee maji, na nyuki mmoja akamuuma shingoni.

Babu yake alikuwa amekwisha kumfikia. Akaukwangua ule mwiba kwa ukucha, akapaka asali, akaniambia nirudi kwa wageni wangu, mtoto ni wa nyuki sasa. Nikambeba nikarudi naye ndani, nikamweka mapajani.

Ndugu zangu, haikuchukua muda. Alianza kujikuna tumbo, kisha mapaja, na nilipoinua nguo nikaona mwili wote umejaa mabaka mekundu. Midomo ikafura. Akatapika kwenye leso yangu. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya mzee, na kila akivuta pumzi nikasikia kitu kinapiga filimbi ndani ya kifua. Akaniangalia kwa macho ya usingizi. Nilijua hilo si usingizi.

Hapo ndipo vita vilipoanza, na sisemi haya kumdharau mtu. Baba mkwe alisimama mlangoni akisema mtoto aachwe atulie, asali itaushusha uvimbe, hakuna mtoto wa nyumba yao aliyewahi kuuawa na nyuki. Wenzangu wengine wakasema huyu hakuumwa na nyuki wa kawaida, ni agano la ukoo, ule mzinga una roho zake, tushikane mikono na asitoke mtu mpaka afunguliwe. Walikuwa wananipenda. Baba mkwe naye alikuwa anampenda Mwende kuliko macho yake. Na katikati ya upendo wote huo mtoto wangu alikuwa anakufa, na mimi nimekaa kwenye kiti, miguu imekataa.

Alikuwepo Mama Nasieku, jirani yangu Mmasai. Si mwombaji wa sauti kubwa, hata wimbo huimba chini chini. Mwende alimpenda, kila wakionana alimpelekea kichwa akiguse, jinsi watoto wa Kimasai wanavyosalimia wakubwa. Siku hiyo aliinama akamgusa Mwende kichwani, naye hakuinua uso. Mama Nasieku akasimama.

"Mama Mwende, beba mtoto," akasema. "Mungu si ako hata kwa barabara? Tutaomba tukitembea."

Sijui miguu yangu aliitoa wapi Mungu. Nilisimama. Nikampita baba mkwe mlangoni bila kumwomba ruhusa, jambo ambalo sikuwahi kufanya. Tukatoka wanawake wote na leso zetu, vumbi likitimka, tukishuka kuelekea barabara ya Namanga, tukiomba kwa Kiswahili na Kikamba na Kimaa, kila mtu na pumzi yake. Kina mama waliokuwa wameshikilia tusitoke, ndio hao sasa walikuwa mbele wakinisafishia njia.

Barabara ilikuwa tupu. Kisha likaja lori la mbuzi, limetoka upande wa Kajiado, linakimbia. Mama Nasieku akaingia katikati ya lami akasimama pale na fimbo yake. Dereva alishika breki mbuzi wakaangukiana, akachungulia ili atukane, akamwona mtoto. Hakutukana. Alifungua mlango.

Ninyi mmenisikia nikiomba hapa kanisani, mnajua nikianza simalizi. Lakini ndani ya lile lori sikuwa na ombi. Maandiko yote yalinitoka. Nilichoweza ni kumwita, Mwende, Mwende, Mwende, mdomo wangu ukiwa sikioni mwake. Ile filimbi ya kifuani ikawa inapungua, nami nikajidanganya kwamba anapata nafuu, mpaka nikaelewa kwamba inapungua kwa sababu hakuna hewa inayopita. Shingo yake ililegea mkononi mwangu. Mungu alisikia jina lile akalikubali kuwa ombi. Baadaye ndipo nilipokumbuka maana yake.

Pale Kitengela dereva hakuegesha, alilileta lori mpaka kwenye mlango wa dispensari. Sista mmoja alimtazama Mwende mara moja tu, akamlaza, akamdunga sindano kwenye paja. Halafu tukangoja. Na taratibu, ndugu zangu, kama maji yanavyorudi kwenye bomba lililokauka, nikasikia pumzi inapita. Ikakwama, ikapita tena. Rangi ikarudi mdomoni. Kisha akalia! Alilia kwa hasira, akampiga teke sista, na sijawahi kusikia wimbo mtamu kama kile kilio.

Walitupeleka hospitali ya Kajiado wamwangalie mpaka kesho yake. Daktari akatueleza polepole kwamba wapo watoto ambao mwili wao unashindwa na sumu ya nyuki. Mara ya kwanza inaweza kuwa uvimbe tu, na ya pili ikaziba koo. Haijalishi ukoo. Akasema akiumwa tena, tusingoje kuona itakuwaje, tukimbie.

Asubuhi baba mkwe alifika. Alibaki kwenye veranda na kofia mkononi, hakuingia, mpaka Mwende mwenyewe alipomwona dirishani akamwita. Mzee akaja akapiga magoti kando ya kitanda. Sikuwahi kumwona mwanamume wa umri wake akipiga magoti mbele ya mtoto.

"Mwana wakwa," akamwambia, "nyuki nitawarudisha nyumbani. Wewe ubaki."

Akarudi Kisaju akaushusha mzinga kwa mikono yake, akaufunga kwa gunia, akasafiri nao hadi Makueni. Hakuna aliyemtuma, na mimi sikumlaumu hata kwa neno moja. Sisi tulianza kufunika kila chombo chenye maji, na hadi leo tunafunika. Mwende sasa yuko darasa la nane, amenipita kwa urefu, na kwa kuongea ananikaribia. Nyuki wapo, wataendelea kuwepo. Lakini Bwana ameulinda mlango wa pumzi yake miaka yote hii, nami namshukuru mbele yenu.

Ndugu zangu, msimchagulie Mungu mahali pa kutendea kazi. Aliyeumba pumzi ndiye aliyempa dereva breki, ndiye aliyempa sista mkono usiotetemeka. Mtegemeeni yeye, hata miguu ikikataa.

Na kama yuko mzazi hapa ambaye ameacha nyumbani mtoto asiyepumua vizuri, ameketi tu kwa adabu akingoja nimalize, nakusihi mpendwa, usiningoje. Inuka sasa. Wenye magari wako hapo nje, mmoja atakupeleka. Nenda, sisi tunakuombea.