Dona Doralice Quirino wa Meza ya Marekebisho

Dona Doralice Quirino anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukitumikia chama chetu cha washonaji hapa Campina Grande. Ukiondoa miwili ya mwanzo, alipokuwa akipokea simu, miaka yote hiyo ameketi ghorofa ya kwanza kwenye meza ambayo wanachama huifikia wakiwa wamekunja uso: meza ya kurekebisha ritani za kodi zilizokwisha kutumwa.

Kamati ya jarida imeomba ukurasa wa furaha. Furaha ipo, na inaanza hapa chini. Ila kuna jambo moja ambalo kamati ingependa liachwe, na kuliacha kungeufanya ukurasa huu kuwa wa uongo. Ninaliandika kwa woga, lakini ninaliandika.

Alipoanza kazi, ritani zilikuwa karatasi. Baadaye zikawa disketi, ambazo alizitunza kwenye kopo la biskuti zisipate vumbi la pamba. Sasa kila kitu kimo kwenye kompyuta, lakini Simba, kama Brazili nzima inavyoiita kodi ya mapato, ana wavu wenye matundu madogo kuliko zamani, na aliyenaswa hupanda ngazi zetu akiamini atafungwa. Dona Doralice humpa kahawa kwanza. Kisha humweleza kwamba anayejirekebisha mwenyewe kabla hajaitwa hapigwi faini. Wanaume wazima wamefuta macho kwenye kiti kile.

Hajawahi kumgombeza mtu. Kabla ya kugusa chochote husoma ritani nzima kwa sauti ya chini, mstari baada ya mstari, na kumuuliza mwenyewe kama ndivyo. Wengi hujisahihisha kabla hajafika ukurasa wa pili. Waliwahi kuja mume na mke, kila mmoja ameandika gharama zilezile za meno na kila mmoja anadai ni zake. Aliwaambia wote wawili wafungue midomo. Mume aliondoka akicheka, mdomo wake wenye mapengo ameuziba kwa kofia.

Mwaka juzi alikuja Lindaura, anayeshona mifuko katika kiwanda cha suruali za jinzi. Ritani yake ilikuwa imenaswa kwa sababu mtegemezi wake, msichana wa miaka tisa aitwaye Kauane, alikuwa ameandikwa pia na mtu mwingine huko São Paulo. Mtu huyo ni Edivânia, mama aliyemzaa. Alimwacha mtoto kwa Lindaura, jirani yake, akiwa na miezi minane, akaenda kutafuta kazi, na tangu hapo hakurudi hata kumtazama. Mhasibu wa kazini kwake alimwambia kwamba mtoto hupunguza kodi, ndipo akakumbuka kwamba anaye.

Hapa ndipo damu inapochemka. Kwa sheria, aliyezaa alikuwa na haki ya kumwandika mtoto, na aliyelea hakuwa nayo, kwa sababu hakuna hakimu aliyewahi kumkabidhi ulezi. Mitaani kwetu mtoto wa kulea ni mtoto, na hakuna anayelipeleka jambo hilo mahakamani. Lindaura alitakiwa atume ritani nyingine isiyo na jina la Kauane. Hofu yake haikuwa kodi. Alijua kwamba akishalitoa jina hilo kwa mkono wake mwenyewe, siku Edivânia atakapokuja kumchukua mtoto hatakuwa na pa kusimama.

Bwana Gildásio, mweka hazina wetu, alipita akaona foleni haisogei. Alimwambia Dona Doralice abonyeze, amtoe mtoto, amwite anayefuata. Hapa ni meza ya kodi, akasema, si kanisani. Lindaura aliukumbatia mkoba wake.

“Asubuhi hii nimemsuka nywele,” alisema. “Halafu saa nne niandike sina mtoto?”

“Hatuandiki kwamba huna mtoto, mwanangu,” Dona Doralice akamjibu. “Tunaandika kwamba hakimu bado hajaambiwa. Kesho tunakwenda kumwambia.”

Jina likatolewa. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, walikwenda pamoja kwa wakili wa serikali anayewatetea wasio na uwezo. Kesi ya ulezi ilichukua muda kupangwa, na ilipopangwa iliangukia tarehe 31 Mei mwaka jana, siku ya mwisho ya kutuma ritani, siku ambayo foleni yetu hushuka ngazi hadi kwa muuza chapati za tapioka. Dona Doralice, aliyeitwa kuwa shahidi, aliomba ruhusa mara mbili, na mara mbili Bwana Gildásio alimnyima. Asubuhi hiyo alisimama, akawaomba radhi waliokuwa kwenye foleni, akawaeleza anakokwenda, akaondoka. Wanachama hawakununa. Walishikiana nafasi na kununuliana kahawa.

Mahakamani, Edivânia alionekana kwenye skrini kutoka São Paulo, akisema kwamba yuko tayari kumchukua binti yake wakati wowote. Hakimu alimuuliza Dona Doralice anajua nini. Alieleza kwamba kila mwaka Lindaura huja na mtoto, na kwamba mwaka wa tetekuwanga mtoto alilala kwenye viti viwili pembeni yake.

“Jino lake la kwanza liling’oka mezani kwangu, mheshimiwa,” alisema. “Mtoto alicheka. Aliyelia ni huyu hapa.”

Hakimu akamuuliza Edivânia binti yake yuko darasa la ngapi. Hakujua. Ulezi alipewa Lindaura, na kabla ya adhuhuri Dona Doralice alikuwa amerudi kwenye kiti chake.

Wiki hiyohiyo Edivânia, aliyepata namba yetu mahakamani, alipiga simu akitaka kurekebisha ritani yake. Sisi tuliokuwa karibu tulitamani Dona Doralice akate simu. Hakukata. Alimsomea mstari baada ya mstari kama anavyomsomea kila mtu, na alipofika kwenye jina la mtoto akangoja. Kisha upande wa pili ukasema toa.

Na chama kilifanya nini? Jumatatu iliyofuata kilimpa onyo la maandishi kwa kuacha kazi bila ruhusa. Onyo hilo limo kwenye faili lake hadi leo, na kwa desturi yetu mwenye onyo hapewi ngao ya shaba ya heshima ukutani ukumbini. Ngao wanazo watu waliofanya kazi hapa miaka tisa. Dona Doralice hana. Nusu ya wanachama wetu wanalea watoto wa dada zao, wa jirani zao, wa waliokwenda São Paulo. Chama cha walezi hawa kimemwadhibu mtu kwa kumtetea mmoja wao. Ni aibu, na aibu hiyo si yake.

Wenzake tulitaka kuandika barua ya kuomba onyo lifutwe. Alicheka.

“Limeandikwa nilitoka bila ruhusa,” alisema. “Si nilitoka bila ruhusa? Sasa mtarekebisha nini hapo?”

Basi hatuombi lifutwe. Tunaiomba kamati iongeze chini yake sentensi moja tu, kwamba alikwenda mahakamani na mtoto akabaki nyumbani. Kisha itundike ngao.

Dona Doralice, asante kwa kahawa, kwa sauti yako ya chini, na kwa kila aliyepanda ngazi zile akitetemeka na kushuka ametulia. Nenda ukale mahindi ya sikukuu za Juni ukiwa umeketi. Tunakutakia siku nyingi, nyepesi, na kila Mei simu yako uizime.