Nyayo za Okwera

Mambo yalimharibikia askari Okwera Jumanne, tarehe tisa Oktoba 2007, kwenye gwaride la Uhuru. Alipiga buti mpaka mwisho, na msumari ulikuwa umemwingia kisiginoni bila yeye kujua.

Miaka miwili baadaye, katika teksi ya abiria ya kwenda Nakawa, alikuwa bado analaumu. "Wakubwa walitupa buti mbovu, mama. Wao wanavaa ngozi laini."

"Lakini afande, msumari uingie, usisikie?" aliuliza Pélagie, Mkongo muuza vitenge aliyeketi kando yake.

"Nyayo zimekufa ganzi. Daktari anasema mishipa. Kidonda kinafunga, natembea, kinafunguka. Huyu ananiambia nitembee, yule nikae. Nishike lipi?"

"Tembea, papa, ila kwanza tia mkono ndani ya kiatu. Na jioni mke akuangalie nyayo."

"Santina ndiye alikuwa ananiangalia. Nimemzika mwaka jana." Hilo nalo aliwatupia lawama wakubwa.

"Basi vua, nikuangalie mimi," alisema Pélagie.

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Watu wamevumilia maneno yako tangu Kansanga, watavumilia mguu."

Okwera alivua. Kizibo cha soda kikadondoka sakafuni.

"Umekikanyaga tangu lini?"

"Leo. Au jana. Sijui, mama."

Pélagie aliuinua ule wayo, akautazama, akakuta kidonda kimefunguka tena. Teksi ikasimama Nakawa, konda akafungua mlango, na hakuna aliyeshuka.

"Kidonda hakiumi hata kidogo," alisema Okwera. "Sasa nitajuaje kama kimepona?"