Chupa Mbili na Picha Sita za Marehemu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu, mguu wake wa nne ni tofali, limeegemea ukuta wa studio ya Fundi Giza, yule mpiga picha ambaye nusu ya umri wake ameimalizia kwenye chumba kisicho na taa. Shangazi anauza kahawa hapo tangu benchi likiwa na miguu yote. Wanaolikalia kila asubuhi ni wawili: Dobi, ambaye inasemekana mashati ya watu huyavaa kwanza kwenye harusi ndipo ayafue, na Profesa, fundi viatu aliyepewa jina hilo kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kusema "sijui". Asubuhi hiyo kiganjani mwa Dobi kulikuwa na kikopo cheusi cha filamu, na ndani ya kikopo alikuwamo mama yake Shangazi.

Maisha yake yote marehemu aliikimbia kamera kama paka anavyokimbia maji. Mwezi mmoja kabla ya kufa akalegea: picha sita tu, chumbani kwake, na pazia lifungwe kwa sababu mwanga ulikuwa ukimchoma macho. Hana picha nyingine duniani. Fundi akatumia filamu ya kasi, nyeusi na nyeupe, ile inayokamata sura hata penye giza. Sasa imebaki kuisafisha, na dawa za kusafishia anazo chupa mbili, kila moja na tabia yake. Ukikosea dawa, hakuna kurudia.

— Hebu tueleze tena, Fundi, alisema Dobi akikizungusha kikopo kwa kidole gumba. Taratibu, kama unamweleza hakimu.

— Filamu ya kasi ina chembe kubwa, alisema Fundi Giza. Dawa ya chupa nyeupe inazilainisha, ngozi inatoka nzuri. Lakini penye kivuli inakunyima. Ya chupa ya kahawia inakutolea hata kilichojificha kivulini, ila uso unaweza kutoka kama umemwagiwa mchanga.

— Nyeupe! Dobi akakata shauri. Kusafisha ni kusafisha, bwana, hiyo ni kazi yangu. Hariri huifui kwa sabuni ya magunia. Na yule mama wa watu alikuwa hariri.

Shangazi akamimina kahawa. Mama yake hakuwa hariri hata siku moja. Alikuwa turubai.

— Lete hapa, Profesa akakinyakua kikopo, akakipapasa kama anayetafuta homa. Dawa ya moto ni moto. Filamu kali, dawa kali. Tena wahenga walishasema haraka haraka haina baraka, kwa hiyo filamu ya kasi lazima uitafutie dawa ya pole.

— Si umesema kali?

— Kali, lakini ya pole. Kama mama mkwe wangu.

— Mama mkwe wako alikutupia mchi.

— Taratibu, lakini.

Kikopo kikarudi kwa Dobi, akakisugua kwenye shati, ambalo huenda si lake.

— Mimi naona zichanganywe zote mbili. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali.

— Ukizichanganya utapata maji machafu, alisema Fundi.

— Hizo chembe, Profesa akainua kidole, ni maneno. Mtu akifa hajayamaliza, yanamtoka usoni. Marehemu alikuwa na maneno?

— Alikuwa nayo, alisema Dobi. Mimi peke yangu alinipa ya kunitosha.

— Basi hapo hakuna chupa itakayofaa. Isafisheni kwa kahawa!

Wakacheka mpaka tofali likayumba. Fundi Giza hakucheka.

— Kwa kahawa inawezekana, alisema. Ukitia magadi. Nimewahi kuona.

Kicheko kikakatika. Shangazi akalivuta birika karibu na goti lake.

Pembeni alikuwa amesimama mwanamke mgeni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi kimekatika ukanda, akimsubiri Profesa akumbuke kazi yake.

— Samahanini, alisema. Mimi nauliza tu. Siku hiyo kamera iliwekwa namba ngapi ya kasi ya filamu? Marehemu baba alikuwa mpiga picha. Alikuwa akisema kwanza namba, ndipo dawa.

— Swali hilo nilikuwa nalijia, alisema Profesa.

Fundi akakuna shingo.

— Ama mia nne, kama filamu yenyewe inavyotaka. Ama niliilazimisha mpaka elfu moja mia sita, kwa lile giza. Ikiwa mia nne, chupa nyeupe. Ikiwa niliilazimisha, ya kahawia, na ikae muda mrefu. Lakini sijisumbui kukumbuka, dada yangu. Miaka thelathini sasa, namba naiandika kwa chaki, hapo hapo ubavuni mwa kikopo.

Dobi akakigeuza kikopo. Akakigeuza tena. Kilikuwa cheusi tititi pande zote.

Kidole gumba chake ndicho kilichokuwa cheupe. Profesa akatia mkono mfukoni, polepole.

— Uache nje tu, Profesa, alisema Shangazi. Tumeshauona.

Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza asubuhi hiyo.

— Asiyekuwapo na lake halipo, alinong'ona Profesa, na hakuna aliyemuuliza maana yake.

Fundi akakaa kitako kwenye kizingiti.

— Njia ipo. Nakata kipande cha mwanzo, nakijaribu peke yake. Kitakachoniambia ndicho nitakachofuata kwa zilizobaki. Ila hicho tumekitoa kafara.

— Kina nini hicho? aliuliza Shangazi.

— Picha ya kwanza. Anakukaripia. Pazia ulikuwa umeliachia upenyo.

— Na ile anayocheka?

— Ya tano. Au ya sita. Huko mwisho.

Shangazi akafuta kikombe kilichokuwa tayari kikavu. Kicheko cha mama ndicho kilichokuwa kikimponyoka kumbukumbuni. Juzi alijaribu kukumbuka lile pengo la mama lilikuwa upande upi wa kinywa, akashindwa, akasingizia moshi wa mkaa.

— Kata, alisema. Kukaripiwa sihitaji picha. Hata leo alfajiri amenikaripia.

Fundi akakichukua kikopo kwa vidole viwili, akaingia ndani. Komeo likasikika.

Dobi akanyoosha kikombe. Kidole gumba cheupe kilikaa juu ya ukingo kama muhuri. Shangazi akakitazama. Akalinyanyua birika, na wote wakaisikia kahawa ikicheza ndani.

— Imekwisha, akasema.